Kuchagua Loki ya Difu kwa Pikapu ya Zamani

Mazungumzo kwa wakulima wapelekao mazao Kariakoo

Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki mmesoma habari za mbegu, mbolea, nafasi ya mashimo na dawa ya wadudu. Leo tutaongea juu ya chuma. Msishangae. Nyanya iliyopandwa vizuri, ikapaliliwa na kuvunwa kwa wakati, bado si fedha mpaka ifike sokoni. Zao linalooza matopeni halina tofauti na zao lililoliwa na nguruwe usiku. Jasho ni lile lile, na mfuko ni mtupu ule ule.

Jina la Kariakoo lenyewe latukumbusha kazi ya kuchukua mizigo. Lilitokana na maneno ya Kiingereza ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, waliopiga kambi mahali pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya Waingereza kuutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916. Siku zile mzigo ulikwenda kichwani. Jengo kubwa la soko, lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua mwezi wa Julai 2021, lakini mitaa inayolizunguka haikuacha kuwa mahali pa kuuza na kununua. Tena mitaa hiyo hiyo, pamoja na Gerezani iliyo jirani, ndiyo mahali ambapo mtu hupata spea za magari ya zamani. Basi mkulima aweza kushusha matenga yake alfajiri, na saa nne akaenda kutafuta chuma cha kumsaidia arudi tena wiki ijayo. Lakini akienda bila kujua anachotaka, atarudi na chuma kisichofaa na fedha ya mazao imekwisha.

Kazi ya difu

Pikapu ikikata kona, gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko gurudumu la ndani. Kama magurudumu mawili ya nyuma yangefungwa kwenye chuma kimoja, moja lingeburuzwa kila konani. Kwa sababu hiyo waliweka difu. Ufundi huu si mpya. Mfaransa aitwaye Onésiphore Pecqueur aliutengenezea gari la mvuke katika miaka ya 1820. Ndani ya difu mna gia kubwa ya krauni inayozungushwa na pinioni, na katikati mna gia ndogo ambazo mafundi huziita spaida. Hizo spaida ndizo zinazoruhusu gurudumu moja kwenda mbio kuliko la pili.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye ubaya wake. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa kwa magurudumu mawili. Gurudumu moja likikanyaga tope laini, halihitaji nguvu nyingi ili lizunguke bure. Na kwa kuwa mgawo ni sawa, gurudumu lililo pagumu nalo hupewa nguvu ile ile kidogo. Hivyo moja lapiga matope, la pili limesimama kimya kama jiwe, na gari haliendi.

Hesabu ya mvuto

Tuchukue mfano. Pikapu na mzigo wake ina uzito wa kilo 2,200. Kati ya hizo, kilo 1,400 zimelalia ekseli ya nyuma, yaani kilo 700 kila gurudumu. Gurudumu la kushoto limo katika tope, na tope hilo lashika sehemu moja tu katika kumi ya uzito, yaani kilo 70 za mvuto. Gurudumu la kulia limo katika udongo mkavu, ambao washika sehemu sita katika kumi, yaani kilo 420. Njia yapanda mita moja kwa kila mita kumi. Kupanda hivyo kwahitaji mvuto wa kilo 220, na ulaini wa njia wahitaji kilo 110 zaidi. Jumla ni kilo 330.

Difu ya kawaida itatoa 70 kushoto na 70 kulia, jumla 140. Hazitoshi, gari limekwama. Difu iliyofungwa na loki itatoa 70 kushoto na, ikihitajiwa, hata 420 kulia, jumla 490. Gari litapanda. Injini ni ile ile, tairi ni zile zile, dereva ni yule yule. Hiyo ndiyo faida ya loki.

Lakini tazama upande wa pili wa hesabu. Kama magurudumu yote mawili yamo katika tope, difu iliyofungwa nayo itatoa 140 tu. Loki haitengenezi mshiko mahali pasipo mshiko. Huuchukua ule uliopo na kuutumia wote. Mtu akikuambia kwamba loki itakuvusha udongo mweusi wa mbuga siku ya mvua kubwa, amekudanganya.

Mambo ya kufanya kabla ya kununua

Kwanza, tazama tairi. Tairi zilizolika ni upotevu wa fedha ya loki. Tairi za nyuma zenye meno makubwa huenda zikakutosha, usinunue kitu kingine.

Pili, punguza upepo ufikapo kwenye mchanga, kama ule wa njia za Mkuranga, kisha uujaze tena kabla ya kukimbia katika lami. Usisahau hili la pili, maana tairi laini katika lami hupata moto na kupasuka.

Tatu, panga mzigo uzito ukae juu ya ekseli, wala usining'inie nyuma yake. Chukua jembe, mbao mbili na kamba imara kila safari ya masika, yaani tangu Machi hata Mei.

Nne, jaribu breki ya mkono. Gurudumu moja likizunguka bure, vuta breki ya mkono kidogo kidogo huku ukikanyaga mafuta polepole. Gurudumu linalozunguka litazuiliwa, na lile la pili litapata nguvu. Hila hii haina gharama. Lakini yafaa tu kwa gari ambalo breki yake ya mkono hukamata magurudumu ya nyuma. Katika Land Rover za zamani breki hiyo hukamata shafti inayotoka kwenye gia boksi, basi hapo haisaidii kitu, na yaweza kudhuru.

Tano, hakikisha kwamba huna tayari kile unachotaka kununua. Baadhi ya pikapu zilitoka kiwandani na difu ya kubana, na baadhi ya Toyota Land Cruiser na Hilux zilitoka na loki ya umeme. Tazama kama kuna kitufe cha loki karibu na usukani, na kama kuna waya unaokwenda kwenye kichwa cha difu. Kwa difu ya kubana, jaribu hivi: weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, inua magurudumu yote mawili ya nyuma na uyategemeze juu ya stendi imara, wala usitegemee jeki peke yake. Zima injini, ingiza gia, achia breki ya mkono. Zungusha gurudumu moja kwa mkono. Likizunguka kwa urahisi na la pili likarudi kinyume, difu ni ya kawaida, au ile ya kubana imekwisha kulika. Likikataa, kuna kitu ndani kinachobana.

Aina za loki

Njia zinazotumika ni nne, na moja yake ni mbaya.

Ya kwanza ni difu ya kubana. Ndani yake mna sahani ndogo kama za klachi, ambazo hubana magurudumu yasiachane sana. Ni nzuri kwa mchanga na kwa njia zenye utelezi mdogo, na dereva hana la kufanya. Udhaifu wake ni huu: hubana kwa kiasi tu. Gurudumu moja likiwa hewani au katika shimo la tope, aghalabu haitoshi. Tena sahani hulika, na yahitaji oili yake maalumu. Ukiitia oili ya kawaida itapiga kelele konani na kuharibika mapema. Ziko pia difu za namna hii zinazobana kwa meno ya gia badala ya sahani; hizo hazina sahani za kulika, lakini nazo hukosa nguvu gurudumu moja likiwa hewani.

Ya pili ni loki ya kujifunga yenyewe. Ya jina la zamani ni Detroit Locker, na ziko nyingine ndogo ambazo huingia mahali pa spaida tu, ndani ya difu yako mwenyewe. Hizi ndogo zina bei nafuu kuliko loki nyingine, na fundi haondoi krauni katika vipimo vyake, basi kazi huwa fupi. Hufunga kila unapokanyaga mafuta, na huachia gurudumu la nje linapotaka kwenda mbio konani. Matopeni ni kazi ya kiume kweli. Lakini mjini ina tabia zake. Hulia ta-ta-ta katika kona, husukuma gari liende moja kwa moja wakati wewe wataka kukata, na pikapu tupu katika lami yenye mvua yaweza kutupa mkia. Fikiri habari za kurudi kutoka Kariakoo bila mzigo, jioni, mvua inanyesha, na watu wanavuka barabara.

Ya tatu ni loki ya swichi. Wakati wote difu ni ya kawaida, hata wewe uamue kuifunga. Nyingine hufungwa kwa umeme, kama zile za kiwandani za Toyota, na nyingine kwa upepo wa pampu ndogo, kama zile za ARB za Australia. Ikifungwa, imefungwa kabisa. Ikifunguliwa, gari hukata kona kama kawaida. Hii ndiyo bora kuliko zote kwa mkulima ambaye kilomita chache za mwanzo ni matope na zilizobaki ni lami ya kwenda mjini. Ubaya wake ni gharama, na vitu vingi vya kutunza: waya, mipira ya upepo, swichi na pampu.

Ya nne ndiyo ile mbaya: kuzichomelea spaida kwa welding. Mafundi wengine watakushauri hivyo kwa sababu ni rahisi na humalizika kwa saa chache. Ukataze kabisa. Difu iliyochomelewa haiachii hata siku moja. Hula tairi, hukata hafu-shafti, na gari hukataa kona katika lami. Ukiokoa fedha leo, utailipa kesho kwa tairi, au kwa maisha ya mtu.

Basi ipi ikufae? Mwenye gari linaloshinda shambani na kufika lami mara chache, loki ya kujifunga yenyewe itamtosha. Apelekaye mazao mjini kila wiki atafute ya swichi, hata ikimbidi kungoja msimu mmoja zaidi. Mwenye njia ya mchanga tu, difu ya kubana yatosha. Na asiye na uwezo wa lolote kati ya hayo, anunue tairi na kuchimba mitaro ya njia pamoja na jirani zake.

Wenye gari linalovuta kwa magurudumu yote manne wasidhani kwamba habari hizi haziwahusu. Kama difu zote mbili ni za kawaida, gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakiteleza, gari lote husimama. Anza na loki ya nyuma, maana ndiko kwenye mzigo.

Kwenda Kariakoo kununua

Kabla ya kuondoka nyumbani, andika katika karatasi mambo haya: aina ya gari na mwaka wake, namba ya chasisi, maandishi ya kibati kilichomo chini ya boneti, idadi ya meno madogo ya kichwa cha hafu-shafti, na hesabu ya difu.

Hesabu ya difu ni idadi ya mizunguko ya propela shafti kwa mzunguko mmoja wa magurudumu. Kama krauni ina meno 41 na pinioni ina meno 10, hesabu ni 4.1. Kama ni 41 kwa 9, hesabu ni 4.56. Ukiwa na difu ya kawaida waweza kuipata bila kufungua kitu. Acha gia huru, gurudumu moja la nyuma likae chini na lingine liinuliwe juu ya stendi, na magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe. Piga alama ya chokaa kwenye propela shafti na kwenye tairi. Zungusha tairi lililoinuliwa mara mbili kamili, na mwenzako ahesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka mara nne na zaidi kidogo ya nusu, hesabu yako ni karibu na 4.56. Mara mbili, si moja, kwa sababu gurudumu la pili limesimama.

Hili ni jambo kubwa kwa mtu anunuaye ekseli nzima iliyotumika, yenye loki ya umeme ndani yake. Kwa gari la magurudumu manne, hesabu ya nyuma isipolingana na ya mbele, ekseli mbili zitashindana zenyewe kwa zenyewe, na kitakachovunjika ni gia. Kwa gari linalovuta nyuma tu haitavunjika, lakini mwendo utabadilika, na saa ya spidi itasema uongo.

Ukifika dukani, usikubali neno "hii inaingia" bila kupima. Hesabu meno mwenyewe. Tia kidole katika tundu la oili: ukikuta chembe za chuma kama mchanga, acha. Tazama meno ya krauni kama yamelika upande mmoja au yamemegeka. Loki ya umeme ijaribiwe pale pale kwa betri ya volti 12. Mota isipogeuka, hujanunua loki, umenunua chuma chakavu. Swichi na waya vyake viwe ndani ya bei.

Nenda na fundi wako, lakini mlipe wewe mwenyewe ujira wa siku yake, na mwambie hivyo mapema. Fundi anayengoja kitu kidogo kutoka kwa mwenye duka hana sababu ya kukuambia "hapana". Usimfuate dalali wa njiani anayekuita jina la ndugu kabla hujamwona. Dai risiti, na patana kwa maandishi juu ya siku ngapi waweza kurudisha kitu kikikataa kuingia.

Je, fedha yake italipa?

Fungua daftari lako. Hesabu safari za masika iliyopita ulizokwama, na matenga yaliyooza au kuuzwa kwa bei ya kutupa. Ongeza fedha uliyolipa kwa trekta au vijana wa kusukuma. Hiyo ndiyo hasara ya mwaka mmoja. Sasa tia bei ya loki pamoja na ujira wa fundi na oili. Hasara za masika mbili zikizidi bei hiyo, nunua. Zisipozidi, acha, fedha yako ina kazi nyingine shambani. Chama cha ushirika chenye gari moja kwa watu wengi kwa kawaida hupata faida mapema kuliko mtu mmoja.

Kuendesha na kutunza

Funga loki kabla ya kuingia topeni, gari likiwa limesimama au katika mwendo wa mtu atembeaye. Usiifunge wakati gurudumu lazunguka bure, maana meno yake yatavunjika. Ukiwa umeifunga, nenda kwa kunyooka kadiri uwezavyo. Ukifika pagumu, ifungue mara moja. Asiyekumbuka kuifungua asipewe ufunguo wa gari.

Kumbuka pia kwamba kwa difu ya kawaida kila hafu-shafti hupata nusu ya nguvu. Ikifungwa, moja yaweza kubeba zote. Hafu-shafti za Land Rover za zamani zenye meno 10 ni dhaifu kwa kazi hiyo. Ongeza mafuta polepole, wala usiruke na klachi.

Kila baada ya kuvuka maji, tazama oili ya difu. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Imwage siku ile ile na kutia nyingine. Safisha kitundu cha kupumulia kilicho juu ya ekseli, maana kikiziba difu huvuta maji kwenye sili.

Ndugu wakulima, shamba bora halimalizikii kwenye mpaka wa shamba. Pimeni, hesabuni, kisha ndipo mnunue. Masika haingoji mtu, wala nyanya iliyoiva haingoji masika iishe.